Kiwanda kilichosimama kwa kukosa vifuniko: saplaya wawili, daraja moja

Juni 2024 kiwanda kimoja cha maji ya chupa hapa Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, kilisimama siku 8 kikiwa na kila kitu isipokuwa vifuniko. Maji yapo kwenye tangi, prifomu, vile vibomba vya kutengenezea chupa, zimejaa stoo mpaka karibu na dari, dizeli ya jenereta ipo, wafanyakazi wamekuja na wamekaa chini ya mti. Nakiandika kisa chote kwa sababu huku kwetu, mkoa wa West Nile, ukizungumza na wenye viwanda vidogo kuhusu saplaya, jibu ni lile lile, "mimi nina wawili, sina shida". Huyu pia alikuwa nao wawili. Kiwanda sikitaji jina, mwenye mali nitamuita Hajjati kama wanavyomuita pale. Mimi kazi yangu ilikuwa kupitia vitabu vya stoo, kwa hiyo namba ninazosema nimezikuta kwenye daftari lao.

Kwanza ramani, manake bila ramani kisa hakieleweki. Mzigo wa kutoka Kampala kuja Arua ni kama kilomita 480, unapita Luwero, Kafu, unavuka Naili pale Karuma, unakata kushoto kwenda Pakwach, unavuka Naili tena, Nebbi, alafu Arua. Daraja la Karuma lilijengwa 1963. Mei 2024 mamlaka ya barabara, UNRA, ikasema sakafu ya daraja imechoka, malori na mabasi makubwa yasipite tena, magari madogo tu. Septemba wakalifunga kabisa kwa kazi ya miezi 3. Malori yakaambiwa yazunguke Iganga, Tirinyi, Mbale, Soroti, Lira, yatokee Kamdini ng'ambo ya pili ya Karuma ndo yashike njia ya Pakwach. Mpaka Arua umeshafika zaidi ya kilomita 700, na transpota anakuhesabia kila moja.

Sasa tuje kwenye kiwanda. Chupa ya maji ina vitu vichache sana. Prifomu, kile kibomba kigumu cha plastiki ambacho mashine inakipasha moto na kukipuliza kwa hewa ya kompresa mpaka kinakuwa chupa. Kifuniko. Lebo. Stempu ya kidijitali ya URA, mamlaka ya kodi, hii ilianza 2019 na maji nayo yamo, bila stempu huuzi. Ukiongeza filta na taa ya UV umemaliza. Kwenye vitabu prifomu ndo ilikuwa inakula pesa nyingi kuliko vyote, kwa hiyo Hajjati alikuwa na saplaya wawili wa prifomu, mmoja Kampala mmoja upande wa Jinja, anapigania bei, anajua watoto wao kwa majina, Idi anawatumia salamu. Vifuniko alikuwa anachukua kwa mtu mmoja tu. Kwa nini? Kwa sababu ni vitu vya bei ndogo, na vilikuwa vinakuja kwenye basi la usiku kama kifurushi, unapiga simu Jumatatu, Jumatano boda anakushushia katoni mlangoni. Hakuna mtu aliyewahi kukaa kikao kuhusu vifuniko.

Mei malori yalipozuiwa, meneja alifanya kazi nzuri na nataka nimpe haki yake. Siku ile ile aliongea na saplaya wote wawili wa prifomu, akaagiza mzigo wa zaidi ya mwezi kwa njia ya Mbale kabla bei ya usafiri haijapanda zaidi. Ulifika. Ndo maana stoo ilikuwa imejaa. Kila mtu akapumua, wakasema Karuma tumeimaliza.

Alafu Juni kijana wa stoo akaona katoni za vifuniko zimebaki 2. Kiwanda kinatumia vifuniko kama 6,000 kwa siku, katoni moja ni 5,000, kwa hiyo hapo una kama siku 2, tena hazijatimia. Kwa utaratibu wao wa miaka yote hiyo ndo ilikuwa alama ya kuagiza, na haijawahi kuwaangusha. Akapiga simu. Muuzaji wa Kampala akamwambia, "Ssebo, mzigo upo, ila ile pesa ya mwezi jana bado hamjanimaliza, nitumie yote kwanza." Malipo yote ya pale yanapita kwa Hajjati mwenyewe, simu yake, PIN yake, saini yake benki. Na Hajjati alikuwa Makka, amempeleka mama yake hija. Meneja anapiga, hapatikani, anapatikana, mtandao unakatika, "Mwanangu nipe kesho niko Mina." Siku 3 zikaenda hapo. Pesa ilipofika, katoni zikapakiwa kwenye basi, lakini basi kubwa halivuki Karuma tena, kwa hiyo mizigo inashushwa, inavushwa kwa gari dogo, inapakiwa kwenye gari lingine upande wa pili. Katika kushusha na kupakia huko katoni zikapotelea kwenye stoo ya mtu pale njiani, na kila konda anasema amemkabidhi mwenzake. Zikaonekana wiki ilikuwa inaisha. Kutoka simu ya kwanza mpaka katoni kuingia getini ni siku 10. Toa zile 2 za mzigo uliokuwepo, ndo hizo 8 za kukaa chini ya mti.

Kuna kitu walijaribu katikati na inafaa nikieleze vizuri, manake wengi watajaribu hivyo hivyo. Meneja alipata vifuniko vya mtu mwingine hapa hapa mjini, rangi ya buluu ile ile, milimita 28 kama vyao, ukiviweka mezani kimoja pembeni ya kingine huoni tofauti mpaka uviinue usawa wa macho. Akachukua chupa akakaza. Kinaingia vizuri mwanzoni, kikifika katikati kinagoma, ukilazimisha kinaruka uzi. Ile pete ya chini, ile inayokatika ukifungua mara ya kwanza, haikufika kwenye ukingo wa shingo ya chupa, ikabaki inaning'inia hewani. Akaipindua chupa juu ya gazeti, baada ya muda gazeti likawa na duara la maji. Shida ni kwamba mashine ya Hajjati ni ya mitumba na shingo yake ni ile ya zamani inayoitwa 1810, ndefu, milimita 21, na vile vifuniko vilikuwa vya 1881, shingo fupi ya milimita 17, na uzi wake umebana zaidi. Viwanda vingi duniani vilishahamia shingo fupi kwa sababu inakula plastiki kidogo. Kwa hiyo Hajjati alikuwa amefungwa na saplaya mmoja na hakujua amefungwa, alidhani kifuniko ni kifuniko. Na huwezi kumuuzia mtu maji ambayo sili yake haikatiki, hata kama hayavuji, huo ni usalama wa mnywaji na alama ya UNBS, shirika la viwango, ipo kwenye lebo yako.

Kinachoniuma zaidi kwenye hiki kisa si hasara ya siku 8 peke yake. Daraja lile lilipofungwa kwa malori liliwabana na wale wa Kampala wanaoleta maji yao huku. Katoni za maji ni nzito, bei yake ndogo, kuzizungusha Mbale mpaka Arua ni gharama tupu. Kwa hiyo ile Juni maduka ya Arua, Koboko mpaka kule njia ya Ariwara yalikuwa yanatafuta maji, na kiwanda cha hapa hapa mjini ambacho maji yake hayavuki daraja lolote kingeuza kila chupa. Janga lililowafunga wengine lilikuwa limemfungulia mlango, akashindwa kuingia kwa kitu cha shilingi 35.

Haya, tuchambue. Kosa la kwanza lipo kwenye namna orodha ya saplaya ilivyopangwa. Ilipangwa kwa pesa. Anayelipwa zaidi yuko juu, anapigiwa simu, anatafutiwa mbadala. Lakini swali la mwendelezo wa biashara, yaani kazi isisimame mambo yakiharibika, halihusu nani unamlipa zaidi, linauliza huyu akikosekana tunasimama baada ya siku ngapi, na kumpata mwingine kunachukua siku ngapi. Ukiipanga upya kwa swali hilo, vifuniko vinaruka kutoka mkiani mpaka juu kabisa, siku 2 tu za kuvumilia, tena hazijatimia, mbadala hakuna. Prifomu zinashuka. Stempu za URA zinapanda, kwa sababu hapo hakuna saplaya wa pili duniani, dawa yake ni kuagiza mapema basi. Hii wala si mpya, Toyota yenyewe ilishafungwa hivyo. Februari 1997 moto uliunguza kiwanda cha Aisin kule Kariya, Japani, kilichokuwa kinatengeneza karibu valvu zote za breki za Toyota, kitu kidogo cha bei rahisi, na laini za magari zikasimama kwa siku kadhaa kwa sababu mzigo uliokuwepo ulikuwa wa masaa tu. Wale walikuwa na wataalamu wa kila aina. Bado kidude kidogo kikawapita.

Kosa la pili ndo lile la kwenye kichwa cha habari. Saplaya wawili wa prifomu, Kampala na Jinja, kwenye karatasi ni watu wawili tofauti. Barabarani ni mtu mmoja, wote wanavuka Karuma. Na ukienda nyuma zaidi, resini ya plastiki ya kutengenezea hizo prifomu kwa kawaida inashuka Mombasa na kuingia kwa Malaba au Busia, mpakani na Kenya. Tunaokumbuka Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi Kenya, reli ikang'olewa Kibera, petroli ikaadimika Kampala, au Januari 2022 madreva walipogoma mpakani kwa sababu ya vipimo vya korona na lita ya petroli ikauzwa mpaka shilingi 10,000 na zaidi sehemu nyingine, tunajua hiyo njia ikiziba saplaya wako wote wanaziba siku moja. Sisemi mtu mwenye kiwanda cha Arua atatue Mombasa. Nasema ajue. Ukimuuliza saplaya wako "wewe malighafi yako inapita wapi na una ya wiki ngapi", akikujibu unajua una muda gani mambo yakiharibika mpakani, na akishindwa kukujibu napo umeshajua kitu.

La tatu ni la pesa na saini, na watu hawalipendi kwa sababu linagusa mwenye mali. Siku 3 kati ya zile 10 hazikuliwa na daraja, zililiwa na PIN. Mpango wa mwendelezo ambao haujaandika nani analipa mwenye mali akiwa safarini, mgonjwa, au Mungu amemchukua, huo haujakamilika hata ukiwa na mihuri. Na lile deni la mwezi jana lilikuwa sehemu ya tatizo. Mzigo ukiwa mchache saplaya anachagua nani wa kumpa kwanza, na anaanza na yule anayemlipa kwa wakati, ndivyo watu walivyo. Hajjati alikuwa anamlipa mtu wa prifomu siku ile ile kwa sababu anamuogopa, wa vifuniko anamchelewesha kwa sababu ni pesa kidogo, atasubiri tu. Alisubiri kweli, mpaka siku ya shida.

Hajjati aliporudi Julai alikasirika kidogo kisha akakaa na watu wake. Walichofanya kilianza na karatasi moja ukutani. Kila kitu kinachoingia kwenye chupa, siku zilizobaki stoo, siku za kufika njia ikiwa nzuri, siku za kufika njia ikiwa mbaya kama ile Juni. Alama ya kuagiza ikahesabiwa kwa njia mbaya. Vifuniko 6,000 mara siku 10 ni 60,000, yaani katoni 12, zikifika 12 unaagiza, husubiri 2. Meneja aliogopa kwamba hiyo ni pesa nyingi ya kulaza stoo. Tukapiga hesabu pamoja kwa bei zao za wakati ule, kifuniko 35, prifomu 250, ikatoka kwamba vifuniko vya siku 18 za kazi vinagharimu pungufu ya prifomu za siku 3. Wakapunguza prifomu kidogo kule kwenye dari, vifuniko vikapata nafasi na pesa ikatoka hapo hapo.

Kwa saplaya mwenyewe Hajjati alikwenda Kampala kwa miguu yake. Hapa niseme kitu kwa wanaosoma vitabu vya haya mambo, ISO 22301, kile kiwango cha kimataifa cha mwendelezo wa biashara, na ndugu zake. Vinakuambia uombe mpango wa mwendelezo wa saplaya wako, uukague. Kwa mteja mdogo wa Arua ukimwambia mwenye kiwanda Kampala akupe hati hiyo atakuangalia tu. Hajjati alimaliza deni lote kwanza, wakanywa chai, ndo akauliza maneno yake. Baba, moldi, ile kalibu ya kutengenezea vifuniko vya hii shingo yangu, unayo moja au mbili? Ikipasuka inatengenezwa wapi? Mzigo ukipungua mimi niko wa ngapi kwenye foleni yako? Majibu yakawa dhahabu. Moldi ni moja. Wateja wa shingo ndefu wamebaki wachache na yeye mwenyewe anafikiria kuiacha. Hiyo habari hakuna karatasi ingemletea, na ni kubwa kuliko Karuma, kwa sababu daraja linatengenezwa likafunguliwa, moldi ikiachwa imeachwa. Wakakubaliana amuwekee katoni 10 pembeni zilizokwisha kulipiwa nusu, na ampe taarifa miezi 6 kabla ya kuacha ile moldi. Wameandika kwenye karatasi, wamesaini, ukurasa mmoja.

Aliporudi akamtafuta mwenzake mwenye kiwanda kidogo upande wa Nebbi ambaye naye ana shingo ile ile ndefu. Ni mshindani wake, wanagombania maduka yale yale. Wakaahidiana kuazimana vifuniko, katoni kwa katoni, bila faida. Watu walimshangaa. Lakini ile Toyota ya 1997 ilirudi kazini haraka kwa namna hiyo hiyo, viwanda vingi vingine, hata visivyowahi kutengeneza valvu, viligawana michoro na kuanza kuzitengeneza.

Agosti, kabla ya Karuma kufungwa kabisa, walifanya zoezi. Hajjati alimwambia meneja, "Leo fanya kama Kampala simu imezima, na mimi sipo." Basi. Katika asubuhi moja wakagundua namba ya mtu wa lebo ilikuwa kwenye simu ya kijana aliyeacha kazi, na kwamba yule wa pili aliyepewa ruhusa ya kulipa alikuwa hajawahi kupelekewa fomu benki. Vitu vidogo sana, vikarekebishwa wiki hiyo hiyo. Mtu akiniuliza sehemu gani ya mpango isirukwe, nitamwambia zoezi, hata likiwa la nusu siku.

Septemba mpaka Disemba hawakusimama kwa vifuniko. Lebo zilikaribia kuwaangusha mara moja, mtu wa mtambo wa lebo alichelewa, wakaazima siku kwa kupunguza chupa ndogo wakabaki na za lita moja na nusu. Waliuza vizuri ile miezi mitatu, na baadhi ya maduka yaliyozoea maji ya Kampala yamebaki nao.

Yaliyobaki ni mawili. La shingo, wameshauliza bei ya kubadilisha vipande vya mashine vihamie 1881, ni pesa ya kuuma, wanaweka akiba kidogo kidogo wakiomba moldi ya Kampala ivumilie. La pili ni Pakwach. Njia ya Mbale na ile nyingine ya Masindi isiyopita Karuma, zote mbili zinaishia kwenye daraja lile moja la Pakwach, na kwenye karatasi ya ukutani mstari huo ulikuwa mtupu kwa muda mrefu. Kuna feri ya Wanseko kwenda Panyimur, unapita Hoima na Buliisa, huigusi Karuma wala Pakwach. Kuna feri ya Laropi, unatoka Adjumani unaingia Moyo, kisha Yumbe, Koboko, Arua, mzunguko mkubwa lakini upo. Feri zina foleni na kuharibika kwake, kwa hiyo Hajjati amesema kabla ya kiangazi, msimu ambao maji yanauzwa kuliko wakati wote, katoni chache za vifuniko zije kwa Panyimur makusudi, dreva aandike saa ya kila kituo, namba zijazwe kwenye ule mstari.